Vichwa vya Barua

Siku ya kwanza masjala, Bi. Truphosa Ambetsa
alinipa rula, kalamu na bunda la karatasi kuukuu.
"Kata jina la juu, andika la sasa.
Usitupe. Serikali haitupi karatasi."
Juu palikuwa na taji, na chuo cha ufundi cha kifalme.
Nikapiga mstari.
Bunda la pili: taji lipo, ufundi umeondoka.
Nikapiga mstari.
La tatu: chuo kishiriki, mmoja wa ndugu watatu,
wenzake wako Kampala na Dar es Salaam.
Mstari.
Hivyo ndivyo nilivyoisoma historia ya mahali hapa,
kwa rula, miye niliyekosa kuingia
kwa alama moja.

Alama moja! Chumvi kwenye ncha ya kidole.
Mwaka ule ilikuwa nzito kama lango,
nami nikapitia mlango wa watumishi, upande wa jikoni,
nikapewa taipureta na sentensi:
Tunayo furaha kukufahamisha kwamba umepata nafasi.
Niliipiga hadi vidole vikaijua bila mimi.
Wa Lodwar, wa Vihiga, wa Lamu, wa Siakago,
nyuso sikuziona. Niliwajua kwa masanduku ya posta.

Agosti ya themanini na mbili chuo kikafungwa.
Wao wakarudishwa makwao, wakapige ripoti kwa chifu;
sisi tukabaki na funguo.
Zaidi ya mwaka nilipangusa vumbi la majalada
na mwewe wa Nairobi wakautwaa uwanja.

Kisha wakaja kwa mkupuo, miaka miwili ndani ya mmoja:
vitanda viwili, watu wanne, jiko la umeme chini ya meza.
Asiye na chumba walimwita mharamia,
wakamwachia godoro zamu ya mchana.
Bi. Truphosa, akikaribia kustaafu, akauliza:
"Tumewapa nafasi, au tumewapa barua tu?"
Hakuna aliyejibu. Chai ilikuwa imefika.

Lakini nitakalokufa nalo ni la Mghoi.
Alikuja Jumatano, mvua ya Aprili, viatu mkononi,
mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kutoka Wundanyi.
Akafungua mfuko wa nailoni, ndani nailoni nyingine,
ndani barua yangu. Niliitambua: herufi k ya mashine yangu
iliruka juu kidogo, daima,
kama mtoto mtundu kwenye picha ya darasa.
Barua ilikuwa na miaka kumi na mitatu.
"Baba aliificha darini. Tumemzika mwezi uliopita.
Naomba kujua, nafasi yangu bado ipo?"

Nikavuta jalada. Mbele ya jina lake, kwa mwandiko wangu:
Hakuripoti.
Kila mwaka nililiandika neno hilo mara mia
nikidhani ni uvivu, au ndoa, au bahati ya mwingine.
Sheria ilikuwa na jibu, nikalitoa kwa sauti ya ofisi.
Akaikunja barua kwa mikunjo ileile.
Akauliza pa kunywea maji.
Chemchemi yetu, pale uani, ilikuwa kavu mwaka ule.

Siku hizi mjukuu wangu Nasambu
amechagua kozi kwa simu, ameitwa kwa simu.
Nikamwomba aichapishe barua, shilingi kumi pale kibandani.
Alicheka, lakini alikwenda.
Kichwa kimoja, safi, cha samawati.
K zote zimesimama sawa.

Usiku nilitoa rula.
Sikukata kitu. Nilipima tu
nafasi iliyoachwa wazi chini ya jina lake:
sentimita tisa,
na ukipindisha karatasi kidogo,
tisa na nusu.